Sauti Yangu Imemtaja Baba Mkwe kwa Jina

Alhamisi asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na bati linadondosha maji ingawa mvua imekatika tangu alfajiri.

Wapendwa wangu mnaonisoma, amani kwenu. Mmeamkaje? Wenye presha, imetulia? Na magoti, ninyi wa rika langu, yanawabeba? Huku kwetu Kasulu mafua yamepita nyumba kwa nyumba kama mweka hazina wa jumuiya akifuatilia michango, hakuna aliyesahauliwa. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Ila nimeshtuka.

Nimeshtuka, jamani, na mshtuko wenyewe haujanitoka. Nikimwita jirani, nasikia sauti yangu inatoka, nanyamaza kuisikiliza kama sauti ya mtu mwingine. Mtaelewa mbele ya safari kwa nini.

Kwa wageni, mimi ni Mama Yusta. Shule yangu iliishia darasa la saba, na blogu hii alinifungulia binti yangu Yusta baada ya kuchoka kuniona naandika nyuma ya kalenda. Mume wangu alitangulia mbele za haki. Pamoja na akina mama wenzangu tunatengeneza mkaa mbadala: tunakusanya magunzi ya mahindi na makapi ya kahawa, tunayachoma, tunasaga, tunakandamiza kwa mashine ya kijana anayeitwa Fidelis. Huyo Fidelis ndiye mwenye karakana, na ndiye anayeuza majiko banifu yanayoutumia mkaa wetu.

Sasa niwaeleze kuhusu baba mkwe wangu, maana bila yeye hamtaona jambo lenyewe lilipo.

Marehemu mume wangu alizaliwa Munanila, kule Buhigwe, ambako ukisimama kilimani unaona moshi wa mapishi ya Burundi. Baba yake yuko hai. Amekonda kama fito, na macho yamemwacha kabisa. Watu anawajua kwa sauti. Unaweza kuwa umepotea kwa muda mrefu, ukisema tu hodi, anakutaja wewe na ukoo wako na ugonjwa uliokuwa nao mara ya mwisho.

Mume wangu alipofariki, wapo waliotaka nifungashe virago. Huyu mzee ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema, "Huyu harudi kwao. Mwanangu kaondoka, lakini nikimsikia huyu akiongea uani, nyumba bado ina watu." Tangu siku hiyo mimi ni mtoto wake. Nilipohamia hapa mjini tukaweka agano letu: kila asubuhi nampigia simu, tunasali. Yeye anaanza ishara ya msalaba, mimi naitikia. Ndiyo kifungua kinywa changu. Siku nisiyosali naye, chai haina sukari hata nikiijaza.

Kwa mila zetu, mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Mukazana, yaani mke wa mtoto, akilitaja ni kama amemvua mzee nguo hadharani. Si sheria ya serikali, wala padre hajawahi kuihubiri. Ni heshima tu, kama vile usivyomruka mtu aliyelala. Niliolewa nikiwa msichana, leo nina mvi, na jina lile halijawahi kupita mdomoni mwangu. Hata hapa siliandiki. Msinivizie kwenye maoni.

Tena jina lake linakaribiana na neno la Kiha la chakula fulani, kile cha punje, kinachochemka muda mrefu na kuliwa na ugali karibu kila nyumba. Kwa hiyo chakula hicho nacho sikitaji mbele yake. Nilipokuwa bibi harusi nilikitungia jina langu: wacheka chunguni. Kwa sababu wakianza kuchemka wanagonga kifuniko kama wasichana walioambiwa wanyamaze kanisani. Mzee aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. Jina likabaki la nyumba ile.

Haya. Jumatatu asubuhi nikapiga simu kama kawaida. Ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikawa imezimwa.

Nikafikiri mabaya, kama mjuavyo. Mzee ni mzee. Nikawa nimeanza kutafuta khanga ya kusafiria, ndipo wifi yangu Konsolata, anayekaa naye kule, akanipigia kwa simu yake.

"Wifi, umelewa?"

"Saa hizi? Nimelewa nini?"

"Basi umechanganyikiwa. Jana umempigia baba mbele za watu ukamwita jina lake. Lote! La kwake, la baba yake na la babu yake, kama karani wa mahakama!"

"Nani kamwita?"

"Wewe! Nisiijue sauti yako, wewe uliyenisuka nywele za Komunyo?"

Nikakaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa sakafuni.

Konsolata akanieleza kwa hasira, huku akitafuna maneno. Jumapili baada ya Misa wazee wenzake walimfuata nyumbani, wakawa wamekaa wanakunywa togwa. Kitochi chake kikalia. Mzee huwa anaweka spika, maana mkono unamtetemeka kukishikilia sikioni. Aliposikia sauti akawainamia wenzake kwa majivuno, akasema, "Ni mukazana wangu. Sikilizeni anavyosalimia."

Na sauti ikasalimia. Kwa majina yake yote matatu.

Wazee wakaacha kunywa. Baba mkwe akauliza taratibu, "Mama Yusta, ni wewe?"

Ikajibu, "Ndiyo, ni mimi."

Akanyamaza. Ikasema, "Samahani, sijakusikia vizuri. Bado upo?" Akaendelea kunyamaza. Ikarudia, "Samahani, sijakusikia vizuri. Bado upo?" Kisha ikamuuliza leo kapika nini kwenye jiko lake, ikaanza kumtajia vyakula kwa Kiha: ugali, ndizi, na kile chakula. Neno lenyewe, waziwazi. Mzee mmoja akaguna. Baba mkwe akapapasa vitufe mpaka simu ikakatika, akaiweka chini mbali na mguu wake, kama mtu anayeweka kaa la moto.

"Amesema simu isiingie tena ndani," Konsolata akaniambia. "Na amesema chakula chako asiletewe."

Wapendwa, mimi ndiye niliyempelekea lile jiko. Krismasi. Kwa upendo.

Sikuelewa kitu. Jumapili mchana mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na simu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Lakini nilipolikumbuka neno jiko, miguu ikaanza kwenda yenyewe kuelekea karakana ya Fidelis.

Fidelis si mtu mbaya. Niliandike hili mapema, msije mkamrukia. Ni mzaliwa wa Kibondo, kasoma Dodoma, angeweza kubaki huko akavaa tai. Akarudi kwa sababu ya miti. Ukipita upande wa Mtabila, ilipokuwa kambi ya wakimbizi, utaona vilima ambavyo vilinyolewa kwa kuni na bado vinajikuna. Kijana yule akiongea kuhusu vilima vile machozi yanamlengalenga. Nimemuona mwenyewe.

Biashara yake iko hivi, kwa ninavyoielewa. Kuna wanunuzi nje ya nchi wanaolipa kwa sababu ya moshi ambao haukutoka na mti ambao haukukatwa. Mimi mwanzoni nilicheka. Kuuza moshi ambao haupo! Lakini wanalipa kweli, na ndiyo maana majiko yanauzwa kwa bei ambayo mjane anaiweza, na sisi akina mama tunapata kazi. Sharti lao ni moja: waonyeshwe kwamba jiko linatumika, halikugeuzwa kiota cha kuku. Kwa hiyo kila mwenye jiko anapigiwa simu na kuulizwa.

Fidelis alipokuwa anapiga mwenyewe, watu walimkatia. Walimwona tapeli. Ndipo akanijia. "Mama, wewe ukiongea watu wanafunguka."

Akaniketisha kwenye stoo yake, kaning'iniza mablanketi ukutani ili mwangwi usiingie. Nikasoma sentensi kwa Kiswahili na kwa Kiha mpaka koo likakauka. Nicheke. Nisikitike. Nisalimie asubuhi, nisalimie jioni. Nikasema na "ndiyo, ni mimi", ilikuwa mojawapo ya sentensi. Nilidhani ni tangazo, kama yale ya redio. Akasema sauti itatumika kuwafikia wateja, nikasema sawa, baba, Mungu akubariki. Na niwe mkweli, nilifurahi. Nilienda na kitenge kipya, kana kwamba sauti inaonekana.

Basi Jumatatu hiyo nikamkuta anafunga majiko kwenye maboksi.

"Shikamoo, mama! Mbona unahema?"

"Fidelis, umempigia simu baba mkwe wangu?"

"Mimi? Hapana." Akafikiri. "Aaa, labda mfumo. Mfumo unapigia kila mtu."

"Mfumo ndio nani?"

Akacheka, si kwa dharau, kwa furaha kabisa, kama mtoto aliyesubiri kuonyesha kitu. Akasema ni akili mnemba, imejifunza sauti yangu kutoka zile sentensi, sasa inaongea hata yale ambayo sikuyasoma. Inasikiliza, inajibu. Akabonyeza simu yake. Simu yangu ikalia mkononi.

Nikapokea.

"Habari za asubuhi, Mama Yusta. Umeamkaje?"

Ilikuwa mimi.

Haikuwa inayofanana na mimi. Ilikuwa mimi, na ule mvuto wangu wa pumzi kabla ya kusalimia, na ile "ee" yangu ya mwishoni ambayo Yusta hunitania. Mimi nilikuwa nimefunga mdomo, na mimi nilikuwa naongea. Nywele zilisimama, nawaambieni. Nilijishika koo kuhakikisha kama linatikisika.

"Samahani, sijakusikia vizuri. Bado upo?"

Nikanong'ona, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mama Yusta."

"Unasali?"

"Ndiyo, namshukuru Mungu kila siku."

Nikaitupa simu. Ikaangukia kwenye gunia la makapi, na kutoka ndani ya makapi nikajisikia naomba samahani, naomba samahani, nauliza kama bado nipo.

Fidelis akaizima. Sasa hakuwa anacheka. Nikamweleza yaliyotokea Munanila. Akashika kichwa.

"Mama, kweli mila ile naijua. Mama yangu naye anaifuata. Ila sikufikiri... Mashine haina mkwe, mama."

"Basi isijiite mimi."

"Na majina yametoka kwenye orodha ya wateja, yote, kama Yusta alivyoyajaza kwenye fomu ya jiko. Na haijui Jumapili, inapiga tu."

"Fidelis, mwanangu. Nilikupa sauti. Kinywa sikukupa."

Hata sijui maneno yale yalitoka wapi, nadhani Roho alinisaidia, maana kwa hasira niliyokuwa nayo ningetukana.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Akasema ameshajaribu kuifanya mashine ijitambulishe kuwa ni mashine. Watu wanakata.

"Basi wakate."

"Wakikata, wanunuzi hawapati majibu. Wasipopata majibu hawalipi. Wasipolipa, majiko yanapanda bei, watu wanarudi msituni na mapanga, na Mama Abeli anarudi kubeba kuni kichwani. Unamjua mgongo wake, mama. Mimi sisemi uongo ili nitajirike. Nasema uongo mdogo ili kilima kiote."

Mama Abeli ni mwenzetu kwenye kikundi. Mgongo wake naujua, humsugua mafuta mimi mwenyewe. Mtu mwovu akikwambia uongo, unajua pa kusimama. Mtu mwema akikwambia amedanganya kwa ajili ya mti, unasimama wapi?

Akakubali kuizima mpaka Ijumaa, na Ijumaa ndiyo kesho, anataka jibu langu.

Jana Jumatano ndipo nikaenda Munanila. Kwetu aliyemkosea mzee namna hii huenda mwenyewe, kwa miguu yake, na pombe ya ndizi mkononi, hatumi mtu. Nikaandaa kidumu, na kikapu juu yake nikakijaza. Gari la abiria mpaka njia panda, kisha bodaboda kupanda milima. Kijana wa bodaboda alikuwa muongeaji, akaniuliza mbona sijibu. Niliogopa kuongea, wapendwa. Njia nzima nilihisi kila neno ninalotoa linaenda kuwekwa mahali.

Nilifika jua limeanza kukausha matope. Mwanamke akija pale hasimami nje akapayuka, anapiga makofi taratibu mlangoni pa uzio, halafu anaita. Nikapiga makofi. Nikafungua mdomo niite.

Mdomo ukakataa.

Maana sauti niliyokuja nayo kumtuliza ndiyo hiyohiyo iliyomtukana. Nikabaki nimesimama na makofi yangu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, kaegemea ukuta wa jua. Akainua kichwa. "Nani huyo mwenye mikono asiye na mdomo?"

Nikajikaza. Nikasema, "Ni mimi, Baba."

Nilimwona anavyojikunyata. Alirudisha mgongo nyuma kama aliyemwagiwa maji.

"Hata yule alisema hivyo," akasema.

Wapendwa, miaka yangu yote nikisema "ni mimi" milango inafunguka. Kwa mama yangu, kwa mume wangu, kwa watoto usiku wakiogopa radi. Sikujua kama ni neno linaloweza kuibwa. Nilipiga magoti palepale kwenye matope, machozi yananitoka, na hata kulia niliogopa kulia kwa sauti.

Konsolata akatoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko. "Baba, ni yeye. Ninamwona. Kachafua na kitenge."

"Wewe unaona," mzee akajibu. "Mimi sina macho. Mimi nilikuwa na masikio tu, na sasa yamechezewa."

Nikamweleza. Nikamwambia kuna mashine, kuna kijana, niliisomea sentensi sikujua. Yeye alisikiliza kaelekeza sikio, kama anayesikiliza sarafu kujua kama ni ya kweli. Nilipomaliza, kuku wakapita kati yetu.

Kisha akauliza, sauti kavu, "Kwenye kikapu kuna nini?"

"Nimekuletea mawese, Baba. Na tangawizi kidogo. Na wacheka chunguni wapya, wa msimu huu."

Mwiko ulisimama hewani. Uso wa mzee ukabaki vilevile kwa kitambo, halafu mdomo ukaanza kucheza pembeni, ukacheza, akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, kama siku ile nilipokuwa bibi harusi.

"Ile mashine mwizi haikuwajua hawa," akasema. "Ilitaja tu! Pwaa! Kama mtoto aliyelelewa sokoni." Akanyoosha mkono gizani mwake. "Lete mkono, mukazana."

Nikampa. Akavipapasa vidole, masizi ya mkaa kwenye kucha, pete. Akaushikilia muda mrefu.

Konsolata akasema, "Mimi nilijua tangu mwanzo."

"Ulijua nini wewe, uliyeniambia nimelewa?"

"Nilikuwa napima."

Tukala. Alikula alichopikiwa na mimi, akaongeza. Jiko lenyewe lilikuwa limefunikwa gunia nyuma ya nyumba, kama maiti. Konsolata akalifunua tukawasha, maana kosa si la jiko.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini wakati wa kuaga nikamwambia, "Basi, Baba, kesho asubuhi nitapiga tusali," naye uso ukaanguka tena.

"Leo nimekujua kwa sababu umekuja na miguu. Kesho simu ikilia, nitajuaje?"

Nikamwambia nitaanza kwa kutaja wacheka chunguni, ndiyo itakuwa alama yetu.

"Na ile ikisikia? Si umesema inajifunza?"

Hapo nikashtuka kuliko nilivyoshtuka karakana. Mzee ambaye hajawahi kuona simu kwa macho yake aliuliza swali ambalo mimi, mwenye blogu, sikulifikiria. Kila alama nitakayompa kwa maneno, maneno yanaweza kuchukuliwa. Nilibaki nimeshika kikapu kitupu.

Mzee akaminya midomo. Akafikiri. Bodaboda alikuwa ananiita kwa honi.

"Jumapili nilipokaa kimya," akasema, "ilihangaika. Ikaniuliza kama nipo. Nikakaa kimya tena, ikauliza tena. Kitu kile hakiwezi kunyamaza." Akatikisa kichwa kama anayekihurumia. "Wewe piga. Nikipokea, usiseme kitu. Nami sisemi. Mwenye kuweza kukaa na mimi kimya, huyo ndiye mwanangu."

Nililia njia nzima ya kurudi, na kijana wa bodaboda safari hii hakuniuliza.

Leo asubuhi nimepiga. Ukungu ulikuwa bado mzito, hata mlima hauonekani. Ikaita. Ikapokelewa. Sikusema kitu.

Nikasikia pumzi yake. Jogoo wa kule akawika. Konsolata akaburuta ndoo. Nikataka kusema "Baba", nikaubana mdomo kwa kiganja. Pumzi yake ikaja, ikaenda. Yangu ikaja, ikaenda. Sijawahi kusali sala ndefu hivyo, nami sikuwa nimetamka neno.

Kisha nikamsikia, taratibu, "Kwa jina la Baba..."

Nikaitikia.

Sasa nimekunywa chai, ina sukari. Lakini kesho ni Ijumaa na Fidelis anasubiri. Jambo moja nimeshaamua, na sirudi nyuma: kitu kile hakitasema tena "ni mimi", wala hakitamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Kumshukuru Mungu nitamshukuru mwenyewe. Mzee wangu alikuwa na mimi wa kumfuata kwa miguu na kikapu. Wale wengine waliopigiwa, walioamini wameongea na Mama Yusta, nani anawafuata? Jana jioni nikirudi nilimpitia Fidelis, nikamwambia anipe orodha yao niwapigie mwenyewe kuwaomba radhi, akaniambia, "Mama, watajuaje ni wewe?" Akaona nilivyobadilika uso, akaomba msamaha.

Lililobaki ndilo nisiloliweza peke yangu. Nimruhusu aendelee na sauti yangu ikiwa itaanza kwa kusema wazi kwamba ni mashine, hata watu wakikata, hata kazi yetu ikipungua? Au niitoe kabisa, na nimtazame Mama Abeli usoni? Kila nikijibu moja, ninauona mgongo wake. Nikijibu lingine, ninamwona mzee akiiweka simu chini kama kaa la moto.

Niandikieni mnavyoona, ninyi mnaonijua na ninyi msionijua. Msininyamazie, kimya nimepewa cha kutosha asubuhi ya leo. Nijibuni leo, kabla sijaenda karakana.

Mama Yusta, Kasulu